Motere inashofe: tuulize kwanza inashofe wapi na wakati gani



Mwezi huu tunaacha mbegu na mbolea kidogo, tuongee juu ya kamyoni. Koperative nyingi ziko na kamyoni moja tu, na iyo moja ilinunuliwa ikiwa imechakaa tayari: Canter, Dyna, ao Land Cruiser ya zamani. Siku inakataa kwenda, kabichi inaoza kando ya barabara na mununuzi anajaza gari lake kwa watu wengine. Kati ya pane za gari la zamani, ile ya motere kushofe ni moja ya zile zinazokula feza bila huruma. Lakini mara nyingi kitu kilichoharibika ni kidogo. Feza inaisha kwa sababu tunabadilisha vyombo mbele ya kujua ugonjwa.

Tuchukue mufano wa koperative moja ya viazi na kabichi pande za Lubero. Canter yao ilianza kushofe mwanzoni mwa musimu. Fundi wa kwanza alisema ni radiatere. Ikatolewa, ikaoshwa, ikachomelewa. Gari likaendelea kushofe. Fundi wa pili alisema ni pompi ya maji, wakanunua pompi. Gari likashofe tena. Wa tatu alitoa termostati, akaitupa, akasema: «Hii haina kazi kwetu, ni kitu cha inchi za baridi.» Wiki iliyofuata gari lilisimama juu ya mulima, maji ya moto inaruka. Fundi wa ine alikuja, akaona mapovu ndani ya radiatere, akasema joenti ya kichwa cha motere imeungua: lazima kufungua motere yote. Bei aliyotaja ilikuwa karibu sawa na feza waliyokuwa wamechunga ya kununua mbegu ya viazi.

Komite ikaita mukutano. Na ni vile inakuwaka siku zote: wakati hakuna anayejua pane iko wapi, watu wanatafuta mutu wa kubeba kosa. Wamoja wakasema ni shofere, hatiaki maji asubui, afukuzwe. Shofere akajibu: «Baba prezida, kila asubui natia litre mbili. Muulize konvwayere.»

Mzee mumoja, mwanamemba aliyeendesha makamyoni miaka mingi mbele ya kurudia shamba, akauliza ulizo ambalo mafundi wote ine hawakuuliza: «Litre mbili kila siku. Sasa ile maji inaenda wapi?»

Tutarudi kwa mzee huyu. Kwanza tuone namna motere inavyopozwa, kwa sababu bila kujua ile njia, hatuwezi kuuliza maulizo ya maana.

Njia ya maji

Mazutu ikiungua ndani ya motere, sehemu tu ya ule moto inasukuma gari. Mwingine unatoka na moshi, na mwingine unabaki ndani ya chuma, na huo njo maji inapaswa kuondoa. Pompi inazungusha maji ndani ya motere, maji inatoka ikiwa ya moto kwa tuyo ya juu, inaingia radiatere, inapoa, inarudi motere kwa tuyo ya chini. Helisi inavuta hewa ipite katikati ya radiatere. Mukanda, ule mafundi wanaita kuruwa, njo unazungusha helisi na pompi katika gari nyingi za zamani. Termostati ni mulango: motere ikiwa baridi unafunga ili ipate joto haraka, ikipata joto unafunguka. Motere nyingi za mazutu zinafanya kazi vizuri kati ya degree 80 na 95.

Bushoni ya radiatere wengi wanaizania ni kifuniko tu, kama kifuniko cha sufuria. Sivyo. Iko na springi na mpira ndani, na kazi yake ni kukandamiza maji. Kando ya bahari maji inachemuka kwa degree 100. Uvira ao Kalemie, karibu na ziwa Tanganyika, inachemuka karibu na 97. Kwenye milima ya Lubero, metre 1.800 hivi, inachemuka karibu na 94. Wamama wanajua: huku juu maharagi yanakawia kuiva. Sasa fikiri motere inayofanya kazi kwa degree 90 na maji inayochemuka kwa 94. Nafasi imebaki kidogo sana. Bushoni nzima, ile imeandikwa 0.9 juu yake, inakandamiza maji mpaka inapita degree 110 mbele ya kuchemuka, hata huku kwetu. Bushoni ikikufa, maji inarudi kuchemuka kwa 94, na mulima wa kwanza unatosha.

Maulizo mbele ya funguo

Inashofe wakati gani? Shofere anapaswa kujibu hivi kwa uhakika, si kusema tu «inashofe».

Kama inashofe ikisimama na motere inazunguka, ao inapopanda polepole na muzigo, lakini kwenye usawa ikienda mbio inapoa, shaka ya kwanza ni hewa. Gari likienda mbio, upepo wa njia unasaidia. Likienda polepole, helisi iko peke yake. Angalia mukanda: motere ikiwa imezimwa, ukiufinya kwa kidole gumba katikati unapaswa kushuka kama milimetre 10 mpaka 15. Ukiwa na mafuta, ao unang'aa kama kioo pembeni, unateleza hata kama umekazwa. Angalia helisi yenyewe kama haikuvunjika majani. Magari mengine yana helisi yenye kiungo cha mafuta katikati. Motere ikiwa ya moto na imezimwa, helisi iyo ukiizungusha kwa mukono inapaswa kuwa nzito kidogo. Ikizunguka hovyo kama baiskeli, kiungo kimekufa. Angalia pia ile sanduku ya plastike ao bati inayozunguka helisi. Mafundi wanaipenda kuitoa kwa sababu inawazuia kufikia mukanda, kiisha hawairudishi. Bila iyo, helisi inazungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia radiatere. Nimeona gari nyingi kijijini haina iyo sanduku, na hakuna anayekumbuka ilipotelea wapi.

Bado kwa upande wa hewa: simama mbele ya radiatere na uangalie ndani ya majani yake. Vumbi ya musimu wa kiangazi, majani makavu, vidudu, matope. Iosheni kwa maji ya polepole, kutoka upande wa motere kwenda inje, ili uchafu urudi ulikotoka. Pompe ya nguvu ya kuosha gari inakunja yale majani madogo, na kiisha hewa haipiti tena.

Kama inashofe zaidi ikienda mbio ao ikibeba muzigo muzito, na ikisimama inapoa, shaka ni maji hayazunguki ya kutosha. Radiatere inaweza kuwa imeziba ndani kwa kutu na matope. Njia ya kujua: tembeza gari mpaka lipate joto, zima motere, kiisha pitisha mukono karibu na uso wa radiatere. Joto linapaswa kupungua polepole kutoka upande maji inaingia kwenda upande inatoka. Ukikuta kipande kimoja baridi katikati ya moto, pale pameziba. Angalia tuyo ya chini pia: mwenzako akanyage mazutu motere ikizunguka, na wewe uangalie kutoka mbali. Kama ile tuyo inajikunja na kujifinya kama mutu anayenyonya mufuko wa plastike, imelegea ndani, ao springi yake imeoza. Usiingize mukono karibu na helisi inayozunguka, hata kidogo. Mikono inapotelea pale.

Kama inashofe dakika chache tu kisha kuwasha, asubui, bila muzigo, basi maji haipo, ao termostati imeshikamana ikiwa imefungwa, ao ni kichwa cha motere.

Na usisahau kuangalia vitu ambavyo si vya maji. Frein inayoshika inalazimisha motere kufanya kazi kama gari limefunga nanga: kisha safari, karibisha nyuma ya mukono kwa kila gurudumu, moja likiwa la moto kupita mengine, umepata. Na gari la tone tatu lililobeba tone tano linashofe hata kama kila kitu ni kizima. Hapo fundi hana kosa.

Kutupa termostati

Tunasikia kila mahali: «Toa termostati, gari litapoa.» Katika motere nyingine inaonekana kusaidia siku chache. Lakini motere inayokaa baridi, sana sana asubui za milimani, inakula mazutu zaidi na silinda zinaisha haraka. Tena kuna motere ambazo termostati yao iko na sahani ya pili chini. Ikifungua njia ya radiatere, iyo sahani inafunga njia ya mukato inayorudisha maji moja kwa moja kwa motere. Ukiitoa, njia ya mukato inabaki wazi, na maji ya moto inazunguka ndani bila kupita radiatere. Basi ulitoa termostati ili gari lipoe, na njo limeanza kushofe zaidi.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge kwa kamba, ining'inize ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula, isiguse chini. Inapaswa kuanza kufunguka mbele ya maji kuchemuka, na ukiitoa inje inafunga tena polepole. Kama maji imechemuka na yenyewe bado imefunga, nunua nyingine. Sufuria iwe ya kazi iyo tu, isirudi kwa chakula.

Kichwa cha motere

Kufungua motere ni matengenezo ya bei kali, kwa hiyo iwe ulizo la mwisho, na iwe na ushahidi. Joenti ikiungua kati ya bloki na kichwa, moshi wa silinda unaingia katika maji. Alama zake: maji inapungua bila kuonekana inje, moshi mweupe unaendelea kutoka hata motere ikiwa ya moto, mafuta ya motere inageuka kama kahawa ya maziwa. Lakini povu nyeupe kidogo tu chini ya bushoni ya mafuta, asubui ya baridi, inaweza kuwa umande tu. Angalia kwenye fimbo ya kupimia mafuta.

Alama kubwa ni mapovu, na hapa njo watu wanakosea. Maji inayochemuka inatoa mapovu. Joenti iliyoungua nayo inatoa mapovu. Ukiangalia wakati gari linashofe, huwezi kutofautisha. Angalia asubui, motere ikiwa baridi kabisa. Fungua bushoni, jaza maji, washa. Kama mapovu inaanza kupanda dakika ya kwanza ao ya pili, mbele maji haijapata joto, na inazidi ukikanyaga mazutu, ule ni moshi wa silinda. Kiisha zima, funga bushoni, washa tena na ushike tuyo ya juu: ikikuwa ngumu kama kuni wakati maji bado ni baridi, ushahidi wa pili umepatikana.

Turudi Lubero

Mzee aliomba gari lisiguswe usiku ule. Asubui walikuja yeye, shofere, mama anayechunga feza na wengine wa komite. Chini ya gari hakukuwa na tone. Akafungua bushoni, wakajaza, wakawasha. Dakika tano walisimama pale wakiangalia: hakuna povu hata moja. Fimbo ya mafuta ilikuwa safi. Akasema: «Joenti haina kitu.»

Kiisha akaonyesha kitu ambacho kilikuwa wazi tangu mwanzo. Kuzunguka shingo ya radiatere, chini ya bushoni, kulikuwa na mistari ya kutu iliyokauka, rangi ya udongo, inayoshuka mpaka chini. Maji ilikuwa inatoka pale, kila safari, ikiwa muvuke. Ndiyo maana chini hapakuwa na tone. Wakapeleka gari mpaka juu ya mulima na kurudi, shindano ya joto ikiwa juu. Wakazima. Mzee akafunga kitambaa mukononi, akafinya tuyo ya juu: laini, kama tuyo ya gari baridi. Motere ya moto yenye bushoni nzima inapaswa kukaza ile tuyo. Hii ilikuwa haikazi kitu.

Waliacha gari lipoe, wakatoa bushoni. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka, na mutu mumoja, zamani, alikuwa ameweka chini yake kipande cha mufuko wa plastike. Bushoni mupya ilinunuliwa Butembo kwa bei ya kuku. Termostati ikanunuliwa nayo, kwa sababu ya zamani ilikuwa imetupwa kichakani. Pompi ya zamani, ile iliyotolewa, mzee aliigeuza mukononi: haikuwa inavuja kwa tundu lake la chini, wala haikuwa inachezacheza. Ilikuwa nzima.

Tuseme haki: fundi wa ine hakuwa mwongo. Aliona mapovu ya kweli. Aliyaangalia tu wakati mubaya.

Mukiwa njiani

Shindano ikipanda, punguza mwendo, tafuta mahali pa kusimama. Kama mukanda unazunguka na maji bado iko, acha motere izunguke polepole dakika chache bila kukanyaga, maji iendelee kupita. Kama mukanda umekatika, ao maji imemwagika, zima pale pale.

Shindano ikipanda sana kiisha ikashuka yenyewe haraka, musifurahi. Ile shindano inapima joto la maji. Maji ikiisha, inapima hewa, na inaonyesha baridi wakati chuma kinaungua. Vichwa vingi vya motere vimejipinda hivi, shofere akisema «mbona ilikuwa imeshuka?»

Musifungue bushoni ikiwa ya moto. Ngojeni nusu saa ao zaidi, mpaka mukono unaweza kukaa juu ya radiatere. Watoto wanaouza ndizi na wale wanaokuja kuangalia wasogezwe mbali. Kiisha kitambaa kinene, uso pembeni, mugeuzo wa kwanza tu, acha pumzi itoke, njo umalize. Na maji baridi ya mutoni usiimwage ndani ya motere inayowaka moto: chuma kinapasuka. Ngoja ipoe, tia kidogo kidogo motere ikizunguka.

Maji ya kutia kila siku iwe ya mvua iliyochujwa kwa kitambaa safi. Ya mutoni inaleta matope na kutu. Wenye uwezo wanatia likidi ya radiatere iliyochanganywa na maji. Inazuia kutu na inapandisha kidogo kiasi cha kuchemuka. Lakini likidi ile, ya rangi ya majani ao nyekundu, ni sumu na ladha yake ni tamu. Mtoto ao mbuzi anaweza kuinywa na kukufa. Isiwekwe kwa bido ya mafuta ya mawese, isimwagwe kwa mufereji unaoenda mashambani.

Neno kwa wale wenye mashini ya kusaga ya silinda moja, yenye sanduku la maji lililo wazi juu: ile imetengenezwa ichemuke. Muvuke ule si pane. Kazi yenu ni kuangalia maji isishuke chini ya alama.

Kaye ya gari

Koperative ile sasa iko na kaye ndani ya kabine, na kalamu imefungwa kwa kamba ili isipotee. Shofere anaandika kila asubui maji aliyotia, na kila safari mahali shindano ilipanda. Hakuna fundi anayeanza kazi mbele ya kusoma kurasa za mwisho, na hakuna chombo kinachonunuliwa kama mama wa feza hajaona kile cha zamani na hajaelezwa kimeharibika wapi. Ukurasa wa juma la kwanza na bushoni mupya unasema hivi: «Jumatatu, maji 0. Jumanne, maji 0. Alhamisi, viazi magunia 30, mulima, shindano katikati. Maji 0.»